Ulingo wa Mto Sio

Omuse alinikuta Malaba, kando ya foleni ya malori, nimekaa kwenye kigoda nikishona turubai lililopasuka. Sikumtambua. Niliona mzee wa suti ya kijivu, Biblia kwapani, nikadhani ni mmoja wa wale wanaohubiria madereva wakingoja karatasi zao zipigwe muhuri. Nikamwambia, "Mzee, leo sina sadaka." Akacheka kidogo, akasema, "Wandera, ni mimi. Omuse. Tulikuwa pamoja kule Sio." Nikaendelea kushona. Miaka ishirini na minane nilikuwa nimejiandalia maneno ya kumwambia huyu mtu, na siku aliposimama mbele yangu yote yalikuwa yamekwisha, kama chai iliyokaa jikoni hadi ikakauka. Akachuchumaa. "Nimeokoka, ndugu yangu. Mchungaji ametuambia kila mtu aandike wale amewakosea, azunguke kwao mmoja mmoja." Akatoa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Mimi nilikuwa wa saba. Juu yangu palikuwa na mama mmoja wa Burumba aliyeibiwa kuku. Nikamuuliza, "Kuku amenipita namna gani?" Akajibu bila aibu, "Nilianza na zile nyepesi."

Kisha akasema nyingine. "Siku ile, ile nzohe, mimi niliiona. Niliona pembe yake ikichukua kamba. Si wewe ulivuta." Akasema hivyo tu, taniboi mmoja akipita na ndoo ya maji, redio ya kibandani ikiimba. Nikashona mishono mitatu minne, nikaona nimeunganisha turubai na suruali yangu. Omuse akanisaidia kukata uzi. Akasema mama yake Ojiambo bado yuko hai, macho tu ndiyo yamekuwa mazito, na kama nitakubali twende wote, atasema yote mbele yake na mbele yangu. Nilimwambia turubai ni la mtu na lori linaondoka saa tisa. Lakini usiku wote nilijua nitaenda. Nilikuwa nimekula katika nyumba ya yule mama mwaka mzima, na kutoka siku ya kunyoa nywele za matanga sikuwa nimekanyaga kwake tena. Sikutaka pole ya serikali, sikutaka kitu cha mtu. Nilitaka yule mama mmoja asikie kwa mdomo mwingine kwamba mwanawe hakufa kwa mkono wangu.

Mwaka wenyewe ni wa sabini na saba. Nilikuwa na miaka ishirini, darasa la tatu kichwani, na sikuwa na kazi. Mtu aliyetupa kazi anaitwa Kizito. Namwandika kwa jina lake kwa sababu alizikwa Khunyangu kwa spika nne na kaburi lake lina tailisi, na hakuna aliyesimama pale akasema alichofanya mto Sio. Alikuwa mnunuzi wa pamba. Kabla ya hapo alikuwa jeshini, na jeshi lilimwachia mambo mawili: bunduki ya laiseni, na kupenda watu wamsimamie wima akiongea. Alikuwa na shamba kubwa la mihogo likishuka hadi kwenye mafunjo ya mto, na nguruwe mwitu walikuwa wakilima lile shamba kuliko yeye. Akatuajiri watatu: mimi, Ojiambo, na huyu Omuse aliyetoka upande wa Wateso. Omuse alilala kwa shangazi yake. Mimi na Ojiambo tulilala katika chumba nyuma ya stoo ya pamba, ukuta wa mabati kati yetu na magunia. Chumba kile nakijua hadi leo kuliko hiki ninacholala. Kulikuwa na kitanda kimoja cha kamba tulichobadilishana, wiki wewe wiki mimi, na nyuzi za pamba zilikuwa zikielea hata kwenye uji, ukiamka unapiga chafya kama paka. Chakula cha jioni tulikula kwa mama yake Ojiambo, mwendo wa kuvuka kijito kimoja: ugali wa mtama na muhogo, mweusi na mgumu, omena waliokaangwa hadi wakaimba, na kama siku ni njema mlenda wenye simsim. Yule mama alikuwa akinigawia kwanza kabla ya mwanawe. "Huyu ni mgeni," alikuwa akisema. Ojiambo alikuwa akilalamika, "Mama, huyu mgeni amekaa miezi sita!" Naye alikuwa akijibu, "Basi wewe nenda uwe mgeni kwa mama yake."

Kazi ilikuwa hivi. Nguruwe mwitu hula usiku, mchana analala ndani ya mafunjo. Kwa hiyo tuliwatoa asubuhi, jua likishakausha umande. Ojiambo na Omuse waliingia mafunjoni kutoka upande wa juu wakipiga madebe na kupiga kelele, wakisukuma kuteremka. Chini kulikuwa na uwazi, kama njia ya maji isiyo na mafunjo marefu, na kando yake malingo mawili ya miti. Ulingo wa kwanza ulikuwa wangu. Mimi ndiye nilikuwa macho ya wote, sikuwa na bunduki. Ulingo wa pili, hatua kama hamsini chini, ulikuwa wa Kizito na bunduki yake, na kutoka pale mafunjo yalimzuia asione uwazi hadi mnyama afike karibu. Kupiga kelele nisingeweza, nguruwe angegeuka. Kizito akatengeneza ujanja wake wa jeshi: kamba ya katani kutoka ulingo wangu hadi wake, ikipita juu ya uwazi kwa kimo cha kifua cha mtu. Nikivuta mara moja, mnyama anakuja, weka tayari. Nikivuta mara mbili, ni mtu, teremsha bunduki. Upande wake aliifunga kwenye kifundo cha mguu. Alisema ni ili mikono ibaki huru. Ukweli, ambao kila mtu wa pale aliujua na hakuna aliyeusema, ni kwamba Kizito alikuwa akilala kule juu. Alikuwa na chupa ya waragi kutoka ng'ambo, na kamba ilikuwa ya kumwamsha.

Mwaka ule niliona wanyama ambao watu waliozaliwa pale hawajawaona. Mtu akikaa juu bila kutikisika saa mbili, saa tatu, msitu unamsahau. Asubuhi moja fisi maji walitoka watano, mama na watoto, wakateleza kwenye tope mmoja baada ya mwingine, wakirudi juu kupanga foleni tena. Siku nyingine niliona nguchiro akichukua konokono mkubwa, akimrusha nyuma kati ya miguu yake hadi akapasuka kwenye jiwe. Siku moja nilitaka kushuka nikakuta chatu amejilaza kwenye ngazi yangu akiota jua, mnene kama paja, na tulikaa hivyo hadi saa sita, yeye chini, mimi juu, kila mmoja akimngoja mwenzake aondoke. Kizito alipiga kelele, "Wewe! Unafanya nini huko?" Ningejibu nini? Nikirudi chumbani, Ojiambo alikuwa akininyima usingizi hadi nimweleze. "Leo umeona nini?" Na nikimweleza alikuwa akikasirika kweli kweli. "Wewe umekalishwa sinema. Mimi napasua mafunjo na kifua, naona mafunjo, nasikia debe. Mwaka mzima sijaona hata mkia!" Tukaomba kubadilishana. Kizito akakataa. Akasema mimi nina jicho na Ojiambo ana kifua, na jeshini mtu hachagui.

Katikati ya mwaka redio ikatangaza kwamba uwindaji umekwisha Kenya nzima, laiseni zote zimefutwa. Tulisikia habari hiyo tukiwa kwa mama Ojiambo, sahani ziko chini. Ojiambo akasema, "Sasa tumekosa kazi." Lakini asubuhi Kizito alikuja na bunduki yake begani kama kawaida. Omuse akamuuliza kuhusu redio. Kizito akamwangalia juu hadi chini. "Nguruwe wangu hawana redio," akasema, na sote tukacheka, kwa sababu ni mkubwa amesema. Tangu siku hiyo tulikuwa tunavunja sheria ya mtu mwingine, kwa faida ya mtu mwingine, na hatukufikiria hata kidogo kwamba siku moja sheria hiyo ingemfanya aogope, na mtu wa aina ile akiogopa hutafuta wa kuweka mbele.

Siku yenyewe ilikuwa baada ya mvua fupi kuanza. Nilisikia madebe kwa mbali, mawili, kisha moja, kisha kimya. Nikadhani wanapumzika. Halafu mafunjo yakafunguka na akatoka nzohe. Nilikuwa sijamwona maishani. Wazee walikuwa wakisema zamani nzohe walikuwa wengi mto Sio, swala wa majini, manyoya marefu kama ya mbuzi aliyelowa, kwato ndefu zilizopanuka za kutembelea tope, na kwamba walikwisha. Huyu alikuwa dume, mwenye pembe zilizojipinda, maji yakimfika tumboni, na alikuwa akitembea polepole kama mtu anayevuka uwanja wa kanisa watu wakisali. Alipita chini yangu karibu sana hata nikaona inzi kwenye sikio lake. Alifika kwenye kamba, akainamisha kichwa apite chini yake, pembe ikashika, akatikisa kichwa mara moja. Kule chini Kizito akaamka. Alichoona ni mafunjo yakitikisika, akapiga. Nzohe alizama ndani ya maji kama jiwe na sikumwona tena. Aliyepigwa ni Ojiambo, hatua ishirini nyuma ya mnyama. Tulimbeba juu ya ngazi ya ulingo kuelekea Nangina, Omuse mbele mimi nyuma, na Kizito akitembea kando akisema, "Nani alivuta? Nani alivuta mara moja?" Alikuwa tayari anatengeneza kesi na yule mwingine bado anapumua. Hatukufika hospitalini. Ojiambo alikata roho karibu na daraja, na Kizito akasema basi, hakuna haja, turudi.

Polisi waliambiwa amepasuliwa na nguruwe mwitu. Hakuna aliyefunua blanketi. Lakini watu wa kijiji hawangeridhika na nguruwe, walisikia bunduki wote. Jioni kabla ya siku ya kunyoa nilikuwa nimelala kwenye kitanda cha kamba, nikasikia watu wameingia stoo ya pamba, ng'ambo ya mabati. Walikuwa Kizito na Makokha, aliyekuwa liguru wetu, yaani mzee wa kijiji. Makokha alikuwa mtu wa kuongea polepole, kila neno kama anakuuzia. Akasema, "Bwana Kizito, ukisema ulipiga bila kuona, ni wewe. Na ukienda kortini, wataanza na kuuliza bunduki ilikuwa nje kufanya nini, na redio imesema." Kizito akasema, "Kamba ilivutwa." "Basi hapo umesema. Kamba ilivutwa. Nani alikuwa na kamba?" Nikasikia gunia likikaliwa, Kizito akasema, "Yule kijana atasema ni mnyama alivuta. Anasema nzohe." Makokha akacheka. "Nzohe? Baba yangu ndiye alikula wa mwisho. Yule ana darasa la tatu, na hana ndugu hapa. Atasema, na watu watasikia anavyosema." "Na huyu Mteso?" "Huyu si anataka kuwa taniboi? Wewe una lori." Mimi nilikuwa nimelala pale, pua imejaa pamba, nikijizuia kupiga chafya. Nimewachukia watu wengi maishani lakini sauti ile ya Makokha ndiyo inayonirudia, kwa sababu hakuwa na hasira nami hata kidogo. Alikuwa anapanga mambo tu, kama mtu anayepanga viti.

Kwetu, siku ya tatu baada ya mazishi watu huketi nyumbani kwa marehemu, wazee wanauliza kifo kilikujaje, kila mwenye neno analitoa, kisha wale wote waliokuwa karibu na marehemu wananyolewa nywele. Ukinyolewa, umetoka katika kifo hicho, unaweza kula na watu. Makokha aliongoza. Akaniuliza, "Kijana, uliona nini?" Nikasema nzohe. Vijana wakacheka, mzee mmoja akatema mate. Akamgeukia Omuse. "Wewe ulikuwa mafunjoni. Uliona nzohe?" Omuse aliangalia vidole vya miguu yake. "Sikuona kitu, mzee. Nilikuwa napiga debe." Basi likawa limekwisha hapo. Kizito akasimama akasema yeye alifuata kamba, kamba ndiyo sheria, na akatoa ng'ombe wa kusaidia matanga, watu wakampigia makofi, kwenye matanga! Kisha wembe ukaanza. Mama, dada zake, binamu, Omuse, hata Kizito akainamisha kichwa akanyolewa upara. Nilikuwa nimeketi kwenye mstari. Yule mama mnyoaji alifika kwangu, akamwangalia Makokha, akaruka, akaenda kwa mwingine. Mama yake Ojiambo aliona. Nilingoja aseme. Nilingoja hadi walipoanza kugawa chakula, nikainuka nikaondoka na nywele zangu kichwani, na nyuma yangu hakuna aliyeniita.

Miaka iliyofuata sina haja ya kuirefusha. Nililala Burumba, nyuma ya hoteli ya mama mmoja Mwislamu aliyeitwa Zaituna, aliyenipa kazi ya kupasua kuni na hakuniuliza kitu. Habari ilinifuata hata huko. Nilichumbia mara mbili, mara mbili watu wakaenda kuuliza, wakarudi wakasema huyo ana damu ya mtu. Nikahamia Malaba kwenye malori kwa sababu dereva wa lori hana habari na wewe, anataka turubai lisivuje. Omuse alipanda lori la Kizito mwezi ule ule, akawa taniboi, akawa dereva. Wakati mwingine nilikuwa nikimwona akipita juu, mimi chini na sindano, na alikuwa akigeuza uso. Kwa hiyo nawataja: Kizito aliyepiga bila kuona. Makokha aliyepanga. Omuse aliyenyamaza akalipwa usukani. Nimewataja watatu hawa kila nilipolewa, kila nilipougua, na hesabu yangu ilikuwa imefungwa hapo.

Tulienda Jumamosi. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka barazani akimenya karanga kwa kupapasa, mdogo kuliko nilivyomwacha, amevaa sweta ya kiume. Omuse alianza kwa sala, ndefu. Mama akamkata, "Sema kilichokuleta." Basi akasema: nzohe, pembe, kamba, Kizito na lori lake. Alisema vizuri, namsifu kwa hilo, hakujifichia kitu. Akalia. Mama aliendelea kumenya. "Nimesikia," akasema. "Mungu atakusamehe wewe, yeye ana nafasi." Kisha akanigeuzia uso, si mahali nilipokuwa hasa, kando kidogo. "Wandera."

"Naam, mama."

"Mimi sikuwahi kufikiri ulivuta."

Nikasema, "Lakini siku ile, mama, hukusema."

"Sikusema. Nilikuwa nimezika. Wewe ungekuja kesho yake, ningesema. Ungekuja mwaka uliofuata. Nilikuwa na swali la kukuuliza, na hukuja." Akaweka ungo chini. "Hawa wote waliuliza kamba, kamba. Mimi kamba haikunihusu. Wewe ndiye ulikuwa juu. Mwanangu alipotoka kwenye mafunjo, ulimwona ama hukumwona?"

Omuse akataka kunisaidia. "Mama, yale mafunjo yalikuwa marefu sana, hata mimi—"

"Sijakuuliza wewe."

Hapa ndipo nilikuwa nikikatiza hadithi hii, kila mara, kwa kila mtu. Niliisema hadi nzohe anatoka, kisha nikaruka hadi pembe, kamba na mlio wa bunduki. Kulikuwa na nafasi katikati. Si ndefu, mtu angemeza mate mara tatu. Kamba ilikuwa mkononi mwangu, na sheria niliijua: mtu akitoka, vuta mara mbili. Hakuna aliyewahi kunishtaki kwa hilo. Walinishtaki kwa kuvuta, nikajitetea kwa nguvu zangu zote kwamba sikuvuta, na ilikuwa kweli, sikuvuta. Ningeweza kumwambia yule mama sikumwona. Macho yake hayaoni, na aliyekuwa pale mwingine ni Omuse, ambaye alishasema lake.

"Nilimwona," nikasema.

"Alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa ameliacha debe. Alikuwa anamfuata yule mnyama polepole, maji kiunoni, mikono juu asipige mawimbi. Akaniona. Akaweka kidole mdomoni, nisimshtue. Ningevuta, mama. Ningevuta mara mbili, ndiyo kazi niliyowekewa. Lakini mnyama angekimbia, na yeye hakutaka. Nikashika kamba nikatulia."

Kuku walikuwa wakidonoa maganda karibu na miguu ya mama naye hakuwafukuza.

"Uso wake?" akauliza.

"Alikuwa anacheka, mama. Bila sauti. Meno yote nje."

Omuse alikuwa ameinamisha kichwa, nadhani alikuwa akisali tena. Mama alinyoosha mkono, akapapasa mkeka hadi akafika kwenye goti langu, akalishikilia pale, kwa nguvu nyingi kuliko nilizodhani anazo.

"Sema tena," akasema. "Anza alipotoka mafunjoni."

Nikaanza tena.